Wageni Wanakuja Kutoka Ujerumani: Ya Kupanga Kabla Hamjapanga Tarehe

Mwalimu mmoja wa sekondari huku Eastlands, Nairobi, ametuandikia. Shule moja ya Ujerumani imewaalika kwenye mpango wa kubadilishana wanafunzi: wao waje Nairobi wiki mbili, halafu "baadaye" wanafunzi wetu waende kwao. Anauliza afanye nini ili vijana hawa waelewane kweli. Wengi hudhani watu wakishakutana, maelewano yatakuja yenyewe. Hayaji yenyewe. Mtu anaweza kuvuka bahari akarudi na dharau ileile aliyoondoka nayo, sasa akiwa na picha za kuithibitisha.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, alieleza masharti manne yanayofanya kukutana kupunguze chuki. Pande mbili ziwe na hadhi sawa katika shughuli hiyo, ziwe na lengo moja, zishirikiane badala ya kushindana, na wakubwa wao waunge mkono. Mwalimu, pima kila kitu kwenye ratiba kwa masharti hayo. Anza na hadhi, maana ndiyo huvunjika kwanza, na huvunjikia kwenye makaratasi kabla mtu hajapanda ndege.

Tangu Januari 2024 Mjerumani anayekuja Kenya haombi viza. Anajaza ombi la idhini ya kusafiri mtandaoni, analipa dola 30 hivi, anasubiri siku chache. Mwanafunzi wako anahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ada ya kawaida ya yuro 90 kuanzia umri wa miaka 12 (ulizeni ubalozini kama safari yenu ya kimasomo inasamehewa), bima ya safari inayolipia matibabu ya angalau yuro 30,000, alama za vidole, barua ya mwaliko, na idhini ya wazazi kwa aliye chini ya miaka 18. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15 na linaweza kufika 45, tena linaweza kuwa hapana, na ada hairudi. Kwa hiyo tarehe zipangwe kwa kufuata upande wenye viza ngumu. Maombi hupokelewa hadi miezi 6 kabla ya safari. Rudi nyuma kutoka hapo: pasipoti kwanza, na kabla ya pasipoti, cheti cha kuzaliwa chenye jina lililoandikwa sawasawa na lile la shuleni. Herufi moja ikipishana utazunguka maofisini wiki nzima. Mzazi anayeishi mbali na mtoto atafutwe mapema, kwa kuwa sahihi yake ndiyo huchelewesha watu wengi. Ada za viza, zikiwemo zile zitakazokataliwa, ziingie kwenye bajeti ya pamoja. Zisiwe deni la mama mboga wa Kayole.

Usione haya kulidai hilo. Ufaransa na Ujerumani, baada ya vita vya 1870, 1914 na 1939, zilitia saini mkataba wa Élysée Januari 1963, na Julai mwaka huohuo zikaunda ofisi ya pamoja ya vijana ambayo ipo hadi leo. Kila serikali huchangia nusu ya bajeti, na vijana huenda na kurudi. Waliokuwa maadui walijua kwamba upande unaopokea wageni kila mwaka bila kutembelea hauna urafiki, una kazi ya kuhudumia. Wajerumani hao wanaowaandikia wanaijua historia hii. Wakumbusheni.

Sasa ratiba. Ile mbovu tunaijua sote: siku ya kwanza ngoma na hotuba, ya pili mbuga, ya tatu kituo cha watoto yatima, ya nne kupaka darasa rangi. Futa kituo cha watoto kabisa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya watoto mwaka 2017, na mtoto anayebebwa na mgeni mpya kila mwezi huumia kila anapoachwa. Rangi nayo ifute. Fundi wa mtaani angemaliza darasa hilo kwa siku mbili na kulipwa. Wageni wakipaka huku wenyeji wanatazama, kijana wa hapa anafundishwa kwamba shule yake ni mahali pa kusaidiwa, na kijana wa kule anafundishwa kwamba yeye ndiye msaada.

Tafuteni kazi ambayo upande mmoja hauwezi kuimaliza peke yake. Mfano unaofaa Nairobi ni kupima maji ya mto. Chukueni vijana 12 kwa 12, kila jozi iwe na mmoja wa huku na mmoja wa kule. Pimeni Mto Nairobi sehemu tatu, moja iwe Michuki Park, kwa vifaa vilevile vitakavyotumika baadaye kwenye mto wa kwao: pH (kiwango cha asidi), nitrati (kemikali itokayo kwenye mbolea na maji taka) na uangavu wa maji. Mmoja achote, mwingine aandike, kesho wabadilishane. Msipowabadilisha, mgeni atashika kifaa siku zote na mwenyeji atashika ndoo. Glavu ni lazima. Wageni nao waje na habari za mito yao. Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi, sumu ikaingia mto Rhine unaopita Ujerumani na kuua samaki wengi sana, na mto ule ukasafishwa kwa kazi ya nchi kadhaa. Kijana wa Kayole akilijua hilo, hatasimama kando ya mto wake kwa aibu, na Mjerumani hataukunjia uso.

Mpira chezeni, ila changanyeni timu. Mwanasaikolojia Muzafer Sherif, majira ya joto ya 1954 kule Oklahoma, Marekani, aligawa wavulana 22 katika makundi mawili na kuyashindanisha. Matusi na uvamizi vilianza haraka, vikapungua walipopewa matatizo ya kutatua pamoja. Kenya dhidi ya Ujerumani kwenye uwanja wa shule ni njia ya haraka ya kuharibu wiki.

Kulala, walale majumbani. Hoteli ya Westlands na basi la kukodi huwafanya watalii. Lakini nyumba ina mitego yake, na mkubwa ni chakula. Mama wa Nairobi akiona sahani tupu ataongeza ugali, kwa kuwa sahani tupu kwake ni njaa. Mjerumani amelelewa kumaliza alichopakuliwa, basi anamaliza, anaongezwa, anamaliza tena, hadi usiku anaumwa tumbo na wote wawili walikuwa wakionyesha adabu. Kule kwao mambo yanageuka. Nyumba nyingi hula chakula cha moto mchana, na jioni meza ina mkate mweusi mzito, jibini, nyama baridi zilizokatwa nyembamba na vipande vya tango. Kijana wetu atakula kipande kimoja akingoja chakula chenyewe, meza itaondolewa, naye ataandika nyumbani kwamba amenyimwa. Waambieni mapema, pande zote mbili, kwa maneno haya haya. Waambieni pia kwamba Jumapili maduka ya kule hufungwa na kelele haziruhusiwi, na kwamba ibada ya huku inaweza kuchukua zaidi ya muda wa saa tatu, kwa hiyo mgeni atajiwe saa ya kuanza na ya kumaliza na awe huru kutokwenda.

Kila jioni tengeni nusu saa. Dakika 10 kila upande ukae peke yake na useme kwa lugha yake kilichoudhi siku hiyo. Dakika 20 zinazobaki wakae pamoja, kila upande ulete swali moja linaloanza na "kwa nini". Anayeongoza abadilike kila siku, mwenyeji leo, mgeni kesho. Walimu wengi hukiruka kikao hiki kwa sababu watu wamechoka. Mkikiruka, yaliyoudhi yatasemwa kwenye simu, kwa watu wasiokuwepo, na huko hayatajibiwa.

Picha: mtu aulizwe kabla, mtoto mdogo apigwe picha kwa ruhusa ya mzazi tu. Fedha: mgeni asimpe mwenyeji wake mkononi, na mwenyeji asiombe. Kama kuna mchango, upitie shule na uandikwe. Urafiki wa vijana wa miaka 16 haubebi karo ya mtu.

Na kama fedha za Ulaya hazipo, msikae. Tangu Januari 2014 Mkenya huingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho, na basi la usiku la Kampala linafika asubuhi. Walio chini ya miaka 18, ambao hawana kitambulisho, waulizieni hati zao uhamiaji mapema, na chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Masharti manne ni yaleyale.

Lile neno "baadaye" kwenye barua yao, Mwalimu, lijibu kabla ya jambo lingine lolote. Omba mwezi, mwaka, idadi ya vijana na nani analipa nini, vyote kwa maandishi. Wasipoweza kuvitaja, wapokeeni siku nne badala ya wiki mbili.