Bustani ya Nyumbani Nairobi Wakati wa Kiangazi: Ushauri kwa Wanaoanza

Anayeanza bustani ya mboga Nairobi mwezi wa Januari anaanza katika kipindi kigumu, na ni vyema aelewe ugumu huo kabla ya kununua miche. Mvua za vuli kwa kawaida huwa zimekatika, masika hayatarajiwi hadi Machi, na mchana wa Februari joto hufika nyuzi 26 hadi 28. Usiku nao hupoa kwa sababu mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Ushauri mwingi unaopatikana katika intaneti umeandikwa kwa ajili ya watu ambao msimu wao wa joto ni Juni hadi Agosti, miezi ambayo hapa kwetu tunavaa sweta na nyanya zinachelewa kuiva. Usiukatae ushauri huo, ila usifuate kalenda yake.

Jambo ambalo ningependa kila anayeanza alishike ni kwamba wakati wa kiangazi suala la wadudu na suala la maji haliwezi kutenganishwa. Mmea unaopata maji leo ukayakosa siku nne hudhoofika, na baadhi ya wadudu wasumbufu zaidi wa msimu huu hustawi katika joto na ukavu uleule unaoudhoofisha. Wengi hukimbilia duka la dawa za kilimo waonapo majani yamebadilika rangi, ilhali aliyeanza na mtungi wa maji na dakika chache za kuchunguza upande wa chini wa majani angepata nafuu kubwa bila gharama.

Tuanze basi na maji, ambayo katika mitaa mingi huja kwa mgao. Jua siku yako ya mgao, uwe na pipa lenye mfuniko, na upande kiasi unachoweza kukimwagilia siku ambazo mfereji umekauka. Mistari miwili ya sukuma wiki iliyoshiba maji hulisha nyumba kuliko minane inayonyauka. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa kabisa bustanini. Yale yenye dawa ya kung'arisha nguo yaache yaende zake, na maji ya mtaro wa majitaka yasikaribie mboga hata kidogo. Mwagilia asubuhi, polepole, kwenye shina, hadi udongo ulowe kwa kina cha kidole kizima. Kulowesha uso wa udongo kila jioni huifanya mizizi ibaki juu, mahali jua linapoichoma kesho yake, na majani yanayolala na umande hukaribisha ukungu.

Udongo wenyewe hutofautiana sana. Upande wa Embakasi na kuelekea Kitengela wengi wana udongo mweusi wa mfinyanzi, unaopasuka ukikauka na kunata ukilowa. Upande wa Kabete na Kikuyu upo udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri. Kwa udongo mweusi, samadi iliyooza vizuri pamoja na matandazo ya nyasi kavu si hiari, kwa kuwa nyufa huikata mizizi na kuruhusu unyevu upotee. Wanaopanda katika magunia, kama ilivyozoeleka Kibera na katika ploti nyingi zisizo na uwanja, waweke nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, na wachague mahali penye kivuli cha alasiri, kwani gunia hupata joto pande zote.

Sasa wadudu. Msumbufu ninayemweka mbele ya wote wakati wa kiangazi ni utitiri mwekundu, hasa kwenye nyanya, biringanya na maharagwe. Ni mdogo mno, na dalili yake ya kwanza ni vidoa hafifu vya rangi ya manjano juu ya jani, ambavyo anayeanza hudhani ni upungufu wa mbolea. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge, na ukiona vijidoa vinavyotembea umepata jibu. Ukingoja hadi uone utando kama wa buibui, umechelewa. Kufanana huko na buibui si kwa bahati, kwa sababu utitiri una miguu minane na ni wa jamii moja nao, wala si mdudu kamili. Ndiyo maana dawa nyingi za wadudu haziuui, ila huwaua wale wanaoula, na wiki mbili baadaye hali huwa mbaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Katika joto la nyuzi 30 huweza kutoka yai hadi ukubwa kwa muda wa wiki moja hivi. Unachochukia ni unyevu: rusha maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, urudie baada ya siku mbili au tatu, na ung'oe majani yaliyoshambuliwa sana. Punguza vumbi pia, hasa kama bustani inapakana na barabara isiyo na lami, kwa sababu majani yenye vumbi huwazuia maadui wa utitiri kufanya kazi yao.

Vidukari ndio watakaokushambulia kwenye sukuma wiki, wakiwa wamejibanza katikati ya machipukizi, wa rangi ya kijivu, wamefunikwa na unga kama nta. Majike huzaa bila kupandwa, tena huzaa watoto walio hai, ndiyo sababu jani lililokuwa safi Jumapili hulikuti hivyo Jumapili inayofuata. Mapema, vidole vyako na maji vinatosha. Wakizidi, kwaruza sabuni ya mche au tumia sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji, ujaribu kwanza kwenye jani moja, kisha unyunyize jioni au asubuhi na mapema. Sabuni ya unga huunguza majani. Sabuni humuua tu yule anayeguswa nayo, kwa hiyo kunyunyiza juu ya majani huku vidukari wako chini ni kupoteza sabuni. Tazama pia kama sisimizi wanapanda shina, maana wao hufuata utomvu mtamu wa vidukari na kuwalinda dhidi ya maadui. Na ukiona vidukari waliovimba, wa kahawia, wasiosogea, waache hapohapo: ndani yao mmekua nyigu wadogo ambao watatoka na kushambulia wengine. Vivyo hivyo usimguse yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, wala watoto wake, ambao kwa sura wanatisha na mara nyingi huuawa na watu wenye nia njema.

Mbolea ya chumvichumvi ikizidi huwaongezea vidukari karamu. Majani laini yaliyojaa naitrojeni huwavutia, na katika bustani ndogo mkono mmoja wa CAN, mbolea ya dukani yenye naitrojeni, uliomwagwa kwa ukarimu hufanya kazi hiyo barabara.

Ukikuta kwenye sukuma wiki au kabichi matundu yaliyofunikwa na ngozi nyembamba kama kioo, geuza jani utafute kiwavi mdogo wa kijani ambaye akiguswa hujipinda kwa haraka na kuning'inia kwa uzi. Huyo ni mtoto wa nondo anayejulikana kwa kuzoea dawa haraka mno. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, chenye makao yake Kasarani, kilileta nchini nyigu mdogo kutoka Taiwan mwanzoni mwa miaka ya 2000 ili kumdhibiti katika nyanda za juu, na nyigu huyo bado anasaidia pale ambapo hatuyamwagii mashamba sumu kila wiki. Katika bustani ya nyumbani, kuwaokota viwavi kwa mkono kunatosha, au chandarua chepesi juu ya miche kinachozuia nondo kutaga.

Nyanya zina adui wake, nondo aitwaye Tuta absoluta, aliyetoka Amerika Kusini na kuingia Kenya mwaka 2014. Kiwavi wake hula ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akiacha baka pana la kahawia, kisha hutoboa tunda karibu na kikonyo. Majani hayo usiyatupe kwenye lundo la mboji. Yaweke katika ndoo kuukuu yenye mfuniko, iache juani mpaka yaoze. Kumbuka kwamba mnavu, ambao wengi tunauita managu, ni wa jamii moja na nyanya na humhifadhi, kwa hiyo usiupande ubavuni mwa nyanya wala mahali zilipong'olewa. Tunda lenye doa jeusi, kavu, chini kabisa, halina mdudu: hilo hutokana na maji yasiyo na utaratibu, yanayozuia madini ya kalisi (calcium) kufika kwenye tunda, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoliponya. (Tumbili, kwa wanaoishi karibu na msitu, ni somo jingine ambalo sina jawabu lake zaidi ya neti na subira.)

Ikibidi utumie dawa, mwarobaini hupoteza nguvu juani, hivyo nyunyiza jioni. Pareto vilevile huisha haraka, lakini huua pia wadudu rafiki na nyuki. Dawa ya dukani soma lebo yake yote, hasa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hapa ninasema kwa ukali kidogo: sukuma wiki huchumwa kila siku chache, kwa hiyo dawa yenye siku kumi na nne za kungoja haifai kwenye kitalu unachokichumia chakula cha jioni, hata muuzaji aisifu vipi. Usinunue dawa iliyopimwa katika chupa ya soda isiyo na lebo.

Miche ya masika isiwe jambo la kufikiriwa mvua ikishaanza. Sukuma wiki huhitaji takriban wiki nne hadi sita kitaluni, hivyo mbegu zinazosiwa katikati ya Februari, chini ya kivuli chepesi, huwa tayari mwishoni mwa Machi. Kabla ya kuhamisha miche hiyo, ng'oa mashina ya zamani yaliyorefuka na kubakiza majani machache kileleni, ambayo wengi huyahurumia, kwa kuwa ndiyo maskani ya vidukari na nondo wote wa kiangazi. Mahali pake panda kunde, terere au vitunguu, na sukuma wiki mpya ihamie upande mwingine wa bustani.