Akwatinta ya wadudu: anza na mistari

Umeuliza kama uruke mistari uingie moja kwa moja kwenye akwatinta, yaani mbinu ya kuchapa picha ambapo dawa hula bamba la shaba ili kutoa vivuli, kwa kuwa unachokitaka hasa ni mng'ao wa mgongo wa mbawakawa. Usiruke. Miguu, vinyweleo na mishipa ya bawa la kereng'ende ni kazi ya sindano. Paka bamba la shaba nta ngumu, kisha ikwaruze tu mpaka shaba ionekane. Kuchimba iachie dawa inayokula shaba. Mimi napendelea kloridi ya feri kuliko asidi ya nitriki, maana haitoi moshi mkali. Ila mashapo yake hujaa kwenye mistari, kwa hiyo laza bamba kifudifudi, liinuliwe kidogo.

Mistari ikishakaa sawa, safisha bamba, nyunyizia vumbi la utomvu mkavu, ulipashe moto kwa chini hadi chembe zigande. Vaa barakoa, na moto uwe mbali wakati wa kunyunyiza: vumbi hilo likiwa hewani huweza kulipuka.

Sasa mgongo wenyewe. Sehemu ya kumetameta izibe kwa vanishi kabla ya kuchovya bamba kwenye dawa hata mara moja. Chovya kidogo, suuza, kausha, ziba kivuli hafifu, chovya tena. Utazidi kukoleza tu. Kurudi nyuma ni kusugua shaba, na inachosha. Bawa linaloonyesha upande wa pili lipate mchovyo mfupi kabisa. Muda wenyewe upimie kwenye kipande cha shaba kwanza, kwa sababu dawa ikipoa hula polepole.