Maswali ya Wasomaji: "Malaika" ni wa nani, na unaimbwaje?

Toleo lililopita tuligusa kidogo nyimbo za zamani ambazo orkestra za Lubumbashi bado zinapigia watu arusini. Barua zilizorudi karibu zote zimeuliza wimbo mmoja. Tumechagua chache, kutoka commune (mitaa) za Lubumbashi.

Jambo sana wakubwa. Huku kwetu bengine banasema "Malaika" ni wimbo ya Miriam Makeba, bengine banasema ni ya Boney M. Mzee mmoja anakatala, anasema ni ya Kenya. Hapana Kenya commune yetu, ile ya Nairobi! Nani ana haki? (Msomaji, commune Kenya)

Mzee huyo mpeni kiti. Sahani ya muziki (santuri) ya kwanza ilitoka Nairobi mwaka 1960, mwimbaji akiwa Fadhili William pamoja na Jambo Boys. Mwaka 1963 William aliurekodi tena akiwa na Equator Sound Band, kwenye studio ya Charles Worrod. Ndiyo maana mtaona miaka miwili tofauti imeandikwa, na wanaobishana juu ya 1960 na 1963 wote wana haki: kila mmoja ameshika sahani yake. Na kwa sisi wa Katanga kuna jambo la kufurahisha hapo. Katika Equator Sound Band walikuwamo Wazambia, akina Nashil Pichen na Peter Tsotsi, majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. "Sauti ya Nairobi" ya miaka ile haikupikwa na watu wa Nairobi peke yao.

Kurekodi wa kwanza si lazima kuwe kutunga. Adam Salim, Mtanzania, alisema aliutunga mwaka 1945 kwa ajili ya msichana aliyemkosa kwa sababu ya fedha. Jina la Lucas Tututu wa Mombasa nalo hutajwa. Ugomvi huo haujaisha, ila kwenye hesabu za haki za mtunzi jina lililoandikwa ni la Fadhili William. Mkiwa jukwaani, tangazeni hivi: "Wimbo uliorekodiwa kwanza na Fadhili William." Sentensi hiyo hakuna wa kuibishia, na haimnyang'anyi mtu kitu.

Kuna matoleo mengi sana. Tufundishe mwimbaji wetu kwa lipi? (Orkestra ya watu wanne, Katuba)

Mfundisheni kwa Fadhili William, halafu mmalizie kwa Makeba. Tutaeleza kwa nini.

Lililoutoa wimbo Afrika Mashariki na kuupeleka mbali ni la Makeba wa Afrika Kusini na Mmarekani Harry Belafonte, katika albamu yao ya 1965, *An Evening with Belafonte/Makeba*. Humo umeandikwa kwa jina la Kiingereza, na "Malaika" ikawekwa kwenye mabano. Nyimbo nyingi za albamu ile kila mmoja anaimba peke yake. Huu wanauimba pamoja. Albamu ilipata tuzo ya Grammy mwaka 1966, na tangu hapo mamilioni ya watu wakaujua wimbo kwa sauti ya Makeba, hata wakadhani ni wake.

Mwaka 1967 kundi la Hep Stars liliupeleka Uswidi na ukapendwa sana kule. Mpiga kinanda wao alikuwa Benny Andersson, yule aliyekuja kuwa mmoja wa wanne wa ABBA. Boney M. wakautoa mwaka 1981, Liz Mitchell akiongoza. Angélique Kidjo, binti wa Benin, akauweka kwenye *Logozo* mwaka 1991.

Tatizo ni kwamba wengi wa hawa Kiswahili si chao. Wameshika maneno kwa sikio, na aliyefuata akashika kwa aliyetangulia. Makeba anatamka vizuri kuliko wote waliomfuata, lakini hata yeye alijifunza. Ukianza na Boney M., unajifunza nakala ya nakala, na makosa utayaimba kwa ujasiri mbele ya watu wanaokijua Kiswahili kuliko wewe. Kwa William utapata neno lilivyo. Kwa Makeba utajifunza jinsi ya kuuacha wimbo utembee polepole bila kulala.

Karatasi ya maneno niliyopewa imeandikwa "ningekuwa malaika". Mwalimu wa kwaya anasema si hivyo. Tofauti iko wapi? (Kampemba)

Mwalimu wenu anajua kazi yake. Neno ni ningekuoa. Hesabuni silabi kwa vidole: ni-nge-ku-o-a, tano. Sasa hesabuni "ningekuwa": ni-nge-ku-wa, nne. Muziki unadai tano, kwa hiyo anayeimba "ningekuwa" analazimika kuivuta *wa* ili ijaze nafasi, na hapo ndipo mtu mwenye sikio anapogundua.

Maana nayo inapotea kabisa. "Ningekuoa, malaika" ni kijana anayemwambia msichana kwamba angemwoa kama si umaskini. "Ningekuwa malaika" ni mtu anayetamani kuota mabawa. Kosa hili limeenea kwa sababu *o* na *a* zikiimbwa haraka zinayeyuka na kuwa *wa*. Dawa: mwambieni mwimbaji aiguse *o* peke yake, midomo ikiwa duara, kabla ya kufungua *a*. Ajaribu bila gitaa mara kumi, polepole.

Tukiwa hapo hapo, angalieni pumzi kwenye maneno yanayotangulia, "nashindwa na mali sina". Wengi wanavuta pumzi baada ya "mali", ikawa "nashindwa na mali... sina". Anayesikiliza anabaki akijiuliza, sina nini? Uimbeni mstari wote kwa pumzi moja. Kama pumzi haitoshi, ikateni baada ya "nashindwa", isiwe mahali pengine.

Hapa Lubumbashi neno "mali" linapiga kwa nguvu zaidi kuliko linavyopiga pwani. Pwani ni utajiri kwa jumla. Huku kwetu, mali ni ile inayopelekwa kwa wazazi wa binti. Msikilizaji wa Kamalondo haelezwi kitu: kijana amekosa mali, binti amekwenda kwa mwingine. Na huu ndio wimbo tunaopiga maarusi wakiingia! Hatuwakatazi, utamu wake unaeleweka. Ila mjue kwamba arusi iliyo ndani ya wimbo haikufungwa.

Mimi ni mwanamke. Nikiimba "ningekuoa" watu wanacheka. Nibadilishe? (Ruashi)

Wanaocheka wana sababu ya kisarufi: mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Ukitaka kubadilisha, neno linalokaa vizuri ni ungenioa: u-nge-ni-o-a, silabi tano zile zile, na *o-a* zinabaki mahali pake. "Ningeolewa" nayo ni silabi tano, lakini inamaliza kwa *le-wa*, na ile *o* iliyokuwa inavutwa juu inakimbilia mapema. Sauti inakosa mahali pa kusimama.

Lakini ukilibadilisha neno hilo moja, yaliyotangulia yanakusubiri. "Mali sina" kinywani mwa binti haileti maana, kwani si yeye anayetoa. Ukisema "mali huna", wimbo wa huzuni umegeuka kuwa matusi. Ndiyo sababu Makeba, Mitchell na Kidjo wote wameacha "ningekuoa" kama ilivyo. Mwimbaji anasimulia maneno ya kijana, kama mtambaji anavyosema maneno ya sungura bila kuota masikio. Ushauri wetu: usiguse kitu. Watakaocheka mwanzoni, ukifika ubeti wa tatu watanyamaza.

"Kidege, hukuwaza kidege": ndege hakuwaza nini? (Msomaji, Annexe)

Swali zuri kuliko yote tuliyopata, kwa sababu kosa si lako. Andiko "hukuwaza" lina njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukanusha: *hu-ku-waza*, wewe haukuwaza. *Hu-* ya nafsi ya pili, *-ku-* ya wakati uliopita. Njia ya pili ni mazoea: *hu-* ya jambo la kila siku, kama "mvua hunyesha", halafu *-ku-* ya mtendewa, yaani wewe. Hapo maana ni: nakuwaza kila siku, kidege. Wimbo unakwenda njia ya pili. Hiyo *hu-* ya mazoea haibebi nafsi, ndiyo maana "mimi" haionekani popote. Inabidi uijue kutokana na habari. Katika Kiswahili cha Lubumbashi hatuitumii *hu-* hiyo. Sisi tunasema "minakuwazaka", na *-ka* ya mwisho ndiyo inayofanya kazi ya mazoea. Basi sikio letu linakimbilia kukanusha. Na kidege ni ndege mdogo, yaani huyo huyo mpenzi. Sisi tungesema "kandege".

Je, ni wimbo wa kanisa? (Kamalondo)

Hapana. Malaika ni msichana.

Tunaupiga kwa do lakini mwimbaji anakwama juu. Tena tukiingiza sebene, watu wanasema tumeharibu. (Orkestra ile ile ya Katuba)

Tuanze na sauti. Wimbo unatosheka na kodi tatu (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye gitaa): kwa do ni do, fa na sol, na sol mkiipiga ya saba inavuta vizuri kurudi nyumbani. Kwa kuwa kodi ni tatu tu, kuhama si kazi. Kosa lenu ni kuchagua kodi kwanza, halafu kumlazimisha mwimbaji aifuate. Geuzeni. Mwimbaji aimbe wimbo mzima bila chombo, mtafute mahali panapopanda juu kuliko pote, hapo ndipo pa kupimia. Mpandishe nusu toni baada ya nusu toni hadi shingo ianze kukaza, halafu mshushe toni nzima. Hapo ndipo wimbo ukae, kwa sababu saa nne za usiku koo haliko kama lilivyokuwa mchana.

Kisha wekeni kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo ya gitaa. Umbo la do na kapo kaze ya 2 (kaze ni nafasi kati ya vyuma vya shingo) mnapata re, kaze ya 4 mi, kaze ya 5 fa. Msipande zaidi ya hapo, gitaa linaanza kulia kama la mtoto. Mkihitaji sol, achaneni na kapo, pigeni umbo la sol: sol, do, re. Kutoka hapo, kaze ya 2 inawapa la. Wasio na kapo hufunga kalamu ya risasi kwa mpira. Inafanya kazi kwenye gitaa lenye shingo bapa. Kwenye shingo iliyo na mgongo, nyuzi za pembeni zitakoroma. Na kila mkishafunga, pimeni nyuzi upya, kwa kuwa kapo huzikaza na zinapanda kidogo.

Sasa sebene, ile sehemu ya magitaa ya mwendo wa haraka ya kuchezea. Beti ni tatu: ya malaika, ya pesa zinazosumbua roho, ya kidege, na baada ya kila mmoja lalamiko lile lile linarudi. Orkestra nyingi zinaingiza sebene baada ya ubeti wa kwanza, wachezaji wanashika moto, halafu mwimbaji anarudi na huzuni yake watu wakiwa tayari wametoa mashati. Malizeni beti zote tatu kwa mwendo wa polepole, mpiga ngoma akitumia brashi au upande wa fimbo, ili asifunike maneno. Ndipo solo ifungue mlango kwa vipimo vinne peke yake, mi-solo (gitaa la kati) aingie, kisha besi na ngoma kwa nguvu. Mkishaingia sebene msirudi kwenye maneno. Ishieni huko.

Tunataka kuurekodi na kuuweka kwenye intaneti. Ni wimbo wa zamani, si ni wa kila mtu? (Lubumbashi)

Hapana. Sheria ya Kongo kuhusu haki za watunzi, ile ya tarehe 5 Aprili 1986, inalinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Miaka haihesabiwi tangu sahani itoke. Fadhili William alifariki Februari 2001. Kwa jina lake wimbo unalindwa hadi 2051. Kwamba yeye alikuwa Mkenya hakubadilishi kitu, kwani Kongo na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Berne, ule wa mataifa wa kulinda kazi za watunzi.

Tenganisheni haki mbili. Moja ni ya wimbo wenyewe, maneno na sauti yake. Nyingine ni ya sahani, yaani ule mlio uliorekodiwa. Mkiimba wenyewe na kupiga vyombo vyenu, ya pili haiwahusu. Mkikata sekunde kumi za gitaa kutoka sahani ya 1963 na kuzibandika mwanzoni "kwa heshima", mmeingia katika zote mbili.

Kwa haki ya wimbo nendeni SOCODA, shirika la Kongo la haki za watunzi, kabla ya kutoa, mkiwa na jina la wimbo, jina la mtunzi, majina ya wapigaji na urefu wa rekodi. Mkipakia, andikeni mtunzi kwenye nafasi ya mtunzi, si jina la orkestra yenu. Orkestra ni mwimbaji tu. Mkijiandika ninyi, mitandao mikubwa inaweza kuwatambua kwa sauti ya wimbo, na fedha zikaenda kwa mwenyewe au video ikafungwa.

Na kama mnafikiria kuugeuza kwa Kiswahili cha hapa, "Malaika, minakupenda", hiyo ni tafsiri, nayo inahitaji ruhusa ya pekee ya mwenye haki. Ruhusa ya kuimba haiifuniki.