Mkono uliopooza: maswali yenu kuhusu mazoezi

Baba alipata kiharusi wiki sita zilizopita, mkono wa kulia umelala tu. Tuanzie wapi? (Likoni)

Anzeni mezani. Aketi kwenye kiti chenye egemeo, nyayo zote mbili zikikanyaga sakafu. Kunjeni leso, iwekeni mezani, aweke viganja juu yake, mkono mzima ukiwa juu ya ule mgonjwa. Aisukume mbele polepole hadi kiwiko kinyooke, kisha airudishe. Mara 10, apumzike dakika moja, arudie hivyo mara tatu. Kosa tunaloliona sana ni bega kupanda sikioni na kifua kuinama: leso imesogea, lakini mkono haukufanya kazi. Mguse begani taratibu lishuke. Mwanzoni mkono mzima utabeba karibu kazi yote, na si neno. Muhimu autazame ule mgonjwa na ajaribu kusukuma nao. Jaribio lenyewe ni zoezi.

Mama anaminya mpira kutwa, lakini vidole haviachii. Mbona? (Kisauni)

Kwa sababu baada ya kiharusi, misuli ya kukunja vidole mara nyingi hukaza yenyewe. Kufumbata anaweza, kufumbua ndiko kunakomshinda, na mpira haumfundishi hilo. Uwekeni kando.

Chukueni kikombe kidogo kama cha muuza kahawa. Mkono ulale ubavu mezani, kidole gumba juu. Akifikie kikombe, afungue vidole, akishike, akisogeze shubiri moja, akiachie. Hapo kwenye kuachia ndipo mazoezi yalipo, msimharakishe. Vidole vikigoma, msivute ncha zake. Kunja kifundo cha mkono kuelekea chini, vidole vitalegea, kisha mfungue gumba ukilishika shinani. Akizoea, tieni mbaazi kikombeni, baadaye maji. Afike mara 50 kwa siku, kisha 100 na zaidi, kwa vipindi vifupi. Ubongo hutafuta njia mpya kwa kurudiarudia kazi yenyewe.

Bega linamuuma mzee tukimwinua kitandani. (Changamwe)

Acheni leo hii kumvuta kwa mkono au kumbeba kwa makwapa. Misuli ya bega imelegea, mfupa umeshuka kidogo kwenye kiungo chake, na kila mkivuta mnajeruhi. Akikaa, mkono uwe juu ya mto; hata kwenye tuk-tuk usining'inie. Msiunyanyue kupita usawa wa bega, wala msifunge kamba darini ya kuuvutia juu. Kiganja kikivimba na kuwa cha moto, mtaalamu wa fiziotherapia amwone upesi.

Nina mwaka mmoja na nusu tangu kiharusi. Nimechelewa? (Majengo)

Hujachelewa. Miezi 3 hadi 6 ya mwanzo ndiyo yenye kasi, lakini mkono unaweza kuendelea kupata nafuu baada ya hapo. Kama unaweza kuinua kifundo na kufungua vidole japo kidogo, muulize mtaalamu kuhusu kuuvalisha mkono mzima glavu nene kwa saa kadhaa za mchana, ili ule mgonjwa ulazimike kushika kijiko na kufungua mlango. Njia hii ilikuzwa na mwanasaikolojia Edward Taub wa Marekani. Usiivae ukitembelea mkongojo wala ukiwa karibu na jiko.

Je, kukanda kwa maji moto? (Tudor)

Kunaburudisha, ila hakurudishi kazi ya mkono. Na pima maji kwa mkono mzima: ule uliopooza huenda usisikie joto hadi ngozi iungue.