Gari dogo la sura ya kizamani: kagua urembo kwanza, injini baadaye

Mtu akienda kukagua Nissan Figaro, Fiat 500 au New Beetle ya Volkswagen, kwanza hulipenda kwa macho, kisha hujikaza na kufungua boneti ili aonekane mnunuzi makini. Hapo ameanzia pasipofaa. Magari haya kwa ndani ni ya kawaida kabisa: chini ya Figaro kuna Nissan March ya kizazi cha K10, ile ambayo Ulaya iliitwa Micra, chini ya Fiat 500 ya mwaka 2007 kuna Panda, chini ya New Beetle kuna Golf ya kizazi cha 4. Mafundi wanaijua mitambo hiyo na spea zake zinapatikana. Kisichopatikana ni kile kilichokufanya ulipende gari lenyewe: taa za mviringo, pete za kromu, vioo, viti, paa na mipira ya milango. Injini mbovu ya March hubadilishwa kwa siku chache. Kioo cha taa ya Figaro kikipasuka, unaweza kukitafuta miezi.

Sababu ni hesabu tu. Figaro iliuzwa mwaka 1991 pekee, yakatengenezwa magari 20,000, na kwa kuwa wanunuzi walizidi magari, Nissan ilipiga bahati nasibu kuamua nani apate. Be-1 ya mwaka 1987, gari jingine la Nissan la mtindo huohuo, ilikuwa magari 10,000. Pao, nayo ya Nissan, ilichukuliwa oda kwa miezi michache ya mwaka 1989, basi. Hakuna kiwanda kinachoendelea kumwaga spea za bodi kwa idadi kama hizo, kwa hiyo unategemea magari yaliyokatwakatwa au vipuri vya kuiga, ambavyo mara nyingi havikai sawa kwenye nafasi zake.

Kwa hiyo ukaguzi uanze nje, gari likiwa kavu na mchana. Kwa Figaro, kutu hupenda sehemu za pembeni mwa paa ambako maji husimama, chini ya nguzo za kioo cha mbele, matao ya madigadi ya nyuma, vizingiti chini ya milango na sakafu ya buti. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini. Ipitishe polepole, pale inapoteleza au kuanguka, chini ya rangi kuna puti, si bati. Inua zulia miguuni mwa dereva na mwa abiria, bonyeza karatasi ya shashi kwenye sakafu uhesabu kumi. Ikitoka na unyevu wakati hakujanyesha, maji yanaingia na yameshakaa siku nyingi.

Magari yenye paa la turubai yanataka jaribio moja zaidi. Kwa kawaida kuna mirija myembamba inayoshusha maji kutoka kwenye mifereji ya paa hadi chini ya gari. Mimina nusu lita ya maji taratibu kwenye mfereji, kisha chungulia chini. Yakitoka upande uleule ndani ya nusu dakika, mrija uko wazi. Yasipotoka, yanakwenda mahali fulani, na mahali penyewe huwa ni ndani ya kizingiti, ambako kutu hula kutoka ndani kwenda nje bila kuonekana. Mrija ulioziba usiuzibue kwa upepo wa kompresa: upepo huchomoa mrija kwenye kiungio chake ndani ya bodi, na kuurudisha ni lazima ufungue nusu ya pambo la ndani. Tumia uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea nyasi, uusukume kwa kuuzungusha. Mipira ya kuzuia maji ipakwe silikoni kila baada ya miezi mitatu, isipakwe grisi ya kawaida, kwa sababu mafuta ya grisi hiyo, yanayotokana na petroli, huvimbisha mpira na kuulegeza. Na turubai likiwa limelowa lisikunjwe hata siku moja. Likilala limekunjwa likiwa bichi, ukungu utaota kwenye mikunjo na doa lake halitoki.

Baada ya hapo ndipo ufungue boneti. Figaro ina injini ya MA10ET ya sentimita za ujazo 987 yenye turbo, nguvu za farasi 76, na giaboksi ya otomatiki yenye gia 3. Kinachoiua ni joto. Rejeta ni ya zamani, mapezi yake yameoza au yameziba, feni haiwaki kwa wakati, na hedi ya alumini ikishachemka hupinda na gasketi inaachia. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika, kisha gusa boneti kuhakikisha ni baridi. Fungua kifuniko cha rejeta: maji yawe na rangi safi ya kulanti, yaani dawa ya kupoza injini, si ya kahawia kama ya mtaro, na yasiwe na utando wa mafuta. Chomoa kifuniko cha oili. Ute mweupe mzito chini yake unaweza kuwa unyevu wa gari linalotembea safari fupi tu, lakini ukiuona pamoja na maji yaliyopungua, ondoka. Washa, liache liungurume bila kukanyaga mafuta, AC ikiwa imezimwa, usimame hapo hadi feni iwake yenyewe na kuzima. Watu wengi hawana subira ya hatua hii, nayo ndiyo inayosema mengi kuliko zote. Sindano ya joto ipande, itulie katikati, isitetereke. Mpira wa maji wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika ya kwanza tu, kabla maji hayajapata moto, gesi ya mwako inaingia kwenye maji.

Moshi wa bluu unapokanyaga baada ya kuungurumisha kwa dakika kadhaa huenda ni turbo inayopitisha oili. Turbo ndogo kama hii inataka oili mpya kila kilomita 5,000 au miezi 6, na baada ya mwendo wa kasi iachwe iungurume dakika moja kabla ya kuzima, kwa sababu oili iliyosimama ndani yake ikiwa moto huungua na kuwa masizi. Mkanda wa taimingi, unaofanya vali zifunguke kwa wakati wake, ubadilishwe mara tu unaponunua kama hakuna karatasi inayoonyesha ulibadilishwa lini. Odomita isikudanganye: gari la mwaka 1991 lenye kilomita chache linaweza kuwa na mkanda wa umri wake wote, na mpira huzeeka hata ukisimama. Pampu ya maji ibadilishwe hapohapo, maana kazi ya kuifikia ni ileile.

Fiat 500 ni rahisi zaidi kuishi nayo. Injini ya lita 1.2 ya familia ya Fiat iitwayo FIRE haina makuu, na kwa mjini kitufe cha City kinachofanya usukani uwe mwepesi ni raha ya kweli. Matatizo yake ni madogo ila yanaudhi. Nyaya zinazopita kwenye bawaba ya mlango wa buti hukatika kwa kukunjwa kila siku, na ishara ni taa ya namba, waipa ya nyuma au kufuli la buti kufanya kazi kwa kuchagua. Fundi asikuuzie kompyuta ya gari. Vua mpira unaofunika nyaya, nyoosha, utaona shaba imejitokeza. Usiunganishe kwa kusokota na kufunga selotepu: ongeza kipande cha waya laini, unganisha kwa lehemu, na kiungo kikae nje ya sehemu inayokunjwa. Toleo la Dualogic, ambalo ni gia za mkono zinazobadilishwa na pampu ya umeme, tungelikwepa likiwa la zamani na halina rekodi ya matengenezo.

New Beetle itazame vioo vya milango, maana klipu za plastiki zinazoshika kioo huvunjika na kioo huanguka ndani, na uulize mkanda na pampu ya maji, kwa kuwa baadhi ya pampu za familia hiyo zina panga la plastiki linalopasuka.

MINI, gari dogo la BMW lenye sura ya Mini ya zamani, ndiyo inayovunja kanuni yetu. Hapo injini ikaguliwe kwanza. Cooper S ya kuanzia mwaka 2007 yenye injini ya N14 ikiwashwa baridi na kugonga kwa mlio wa chuma mbele ya injini, kama kokoto ndani ya kopo, ni cheni ya taimingi na kikaza chake. Usikubali maelezo kwamba “ikipata moto inaacha”. Inaacha kweli, na siku moja cheni inaruka jino. Injini hiyo pia hula oili, kwa hiyo fimbo ya kupimia itazamwe kila ujazapo tangi. Wengi walioharibikiwa na cheni waliendesha na oili chini ya alama. Kwa kuwa petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli na hujaa masizi, gari likapoteza nguvu na kutetemeka likiwa limesimama.

Raha zipo, tena si za sura tu. Figaro ina uzito wa kilo 810 hivi, hivyo farasi 76 zinatosha mjini, na nafasi ya maegesho ambayo wengine wanaipita wewe unaingia kwa mkupuo mmoja. Kwenye barabara kuu hadithi inageuka: gia 3 tu maana yake injini inapiga kelele, na upepo wa lori unausikia kwenye usukani. Viti vya nyuma ni vya mabegi. Haina mifuko ya hewa, wakati Fiat 500 ilipata nyota 5 za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwenye ajali, mwaka 2007. Anayebeba watoto kila siku achague kwa kigezo hicho, rangi ije baadaye.

Tairi za Figaro ni za inchi 12, saizi 165/70, na maduka mengi hayaziweki. Usihadaike na kashata nene: soma tarakimu 4 za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu, yaani wiki na mwaka wa kutengenezwa. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi ya hivyo haifai mvuani hata kama vinyweleo vyake bado vimesimama. Gari linalokaa zaidi ya mwezi bila kutembea liongezewe upepo kidogo, betri ichomolewe waya wa hasi, na breki ya mkono iachiliwe ili pedi zisigande. Liwekee vizuizi vya magurudumu badala yake.

Ukishalinunua, fedha ya kwanza isiende kwenye redio wala rimu. Nunua kioo cha taa ya mbele, seti ya mipira ya milango na paa, na pambo lolote la kromu utakaloliona likiuzwa, hata kama lako bado ni zima.