Klachi Kabla ya Hendibreki

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia: “Kaka, nataka kuslaidi kama wewe. Nianze kwa kuvuta hendibreki?” Anasema drifti, yaani kuliteremsha gari kwenye kona kwa ubavu, tairi za nyuma zikiteleza kwa makusudi. Swali hili naletewa kila mara, basi tulizungumze.

Mimi gari langu ni Toyota Altezza RS200, injini ya lita 2.0, haina turbo, ile ya kuongezea injini nguvu, gia sita za mkono. Kuna gereji walinicheka mbele ya watu. Hiyo haiwezi kuzitelezesha tairi za nyuma, wakasema, kauze utafute gari lenye nguvu. Nilikuwa nawaita kaka zangu, na maneno yale yananiuma hadi leo. Jumamosi iliyopita, ndani ya yadi iliyofungwa kule Miritini, mwenyewe ametupa ruhusa, gari lile lile lilizunguka duara zima kwa ubavu bila kunyooka. Hendibreki sikuigusa. Keiichi Tsuchiya, dereva wa drifti wa Japani, alijipatia jina na Toyota AE86, injini ya lita 1.6 tu isiyo na turbo. Nguvu kidogo si kisingizio.

Kazi yote ni klachi. Ingia kona na gia ya pili, usukani umeshakata, mafuta umekanyaga. Piga klachi mara moja, mshale wa revu, yaani mizunguko ya injini, uruke, kisha iachie ghafla huku mafuta bado yako chini. Nguvu inafika nyuma kwa kishindo, tairi zinapoteza mshiko, mkia unatoka. Hapo legeza mikono. Usukani utajirudisha wenyewe kuelekea upande gari linakoteleza. Uache upite viganjani, halafu uudake. Macho yawe unakotaka kwenda. Ukitazama ukuta, utaufuata ukuta.

Hendibreki nayo ina mahali pake, kona za kubana na mwendo mdogo. Kanyaga klachi, vuta huku kidole gumba kimebonyeza kitufe muda wote ili isikwame juu, ishushe, achia klachi, mafuta. Lakini huku kwetu Pwani waya wake unaliwa na chumvi, kwa hivyo fundi aukague kwanza.

Mwenye gari la otomatiki hana klachi ya kupiga. Yeye atumie uzito: zima ile mitambo ya kuzuia utelezi, fika kwenye kona na mwendo, ondoa mguu kwenye mafuta ghafla huku unakata usukani. Uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi, mkia ukianza kutoka rudisha mafuta.

Na haya mambo, vijana wenzangu, si ya barabara kama Links Road, Nyali, saa nne usiku. Pale pana bodaboda, pana mama wanaotoka kazini na watoto mgongoni. Mwenye kuipenda drifti kweli hutafuta uwanja, huomba ruhusa, huvaa helmeti na kufunga mkanda. Anayefanya barabarani anatuharibia sisi sote, na mimi kwenye gari langu hapandi.

Ukishapata uwanja, mwagia maji sakafu kwanza. Penye maji gari huteleza kwa mwendo mdogo, tairi haziishi haraka, na unapata nafasi ya kuusikia mkia unavyoanza kutoka. Zunguka duara upande mmoja mpaka mikono izoee, ndipo ugeuze upande wa pili.