Nimeokoka, mbona bado nina hasira?

Ndugu yangu, unauliza kama wokovu wako ni wa kweli, kwa kuwa tangu ubatizwe bado unawafokea watu wa nyumbani. Mimi sioni sababu ya kuutilia shaka. Paulo alikuwa mtume tayari alipoandika, katika Warumi 7:19, kwamba lile jema alipendalo halitendi. Na Wagalatia 5 inauita upole na kiasi tunda la Roho. Tunda huchukua muda kukomaa. Ila usijifiche nyuma ya hilo, maana wengi hujificha hapo miaka. Ukifoka, mwombe msamaha uliyemfokea siku hiyohiyo, hata kabla ya maombi yako ya jioni: Mathayo 5:24 inataka upatane kwanza. Kisha mtafute Mkristo mmoja mkomavu, asiyekuogopa, akuulize kila wiki unaendeleaje.